Njugu Karanga Jikoni Mwako

Watu wengi hapa Uasin Gishu hudhani ya kuwa njugu karanga ni kitu cha kutafuna tu, mtu akingojea gari stendi ya Eldoret. Hununua kifuko kimoja, akakimaliza kabla gari halijaondoka, na habari ya njugu imekwisha. Nyumbani hazimo jikoni. Hiyo ni hasara, wala si hasara ndogo.

Wengi wetu katika skimu ni watoto na wajukuu wa wale waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962. Sisi ni watu wa mahindi na maziwa. Lakini maziwa mengi huondoka asubuhi kwenda kuuzwa, na watoto hubaki na ugali na mboga kidogo. Tumbo limejaa, lakini mwili haujapata kitu cha kuujenga.

Kilichomo ndani ya njugu

Katika gramu 100 za njugu kavu mna protini, yaani chakula cha kujenga mwili, karibu gramu 25. Unga wa mahindi wa uzito huo huo una gramu 8 au 9 tu. Karibu nusu ya njugu ni mafuta, nayo hutia nguvu. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, chatoa protini kupita yai moja. Tena mna niasini, vitamini ambayo mwili hauipati vizuri kutoka kwa mahindi.

Lakini tusizidishe sifa. Protini ya njugu ina upungufu wake, kama ile ya mahindi, na upungufu huo huzibwa na maharagwe na maziwa. Basi usiuze maziwa yote ukidhani njugu zitatosha. Bakiza ya watoto.

Namna ya kuzila

Kaanga njugu bila mafuta, pepeta maganda, kisha twanga kwenye kinu mpaka zilainike. Tia vijiko viwili katika sufuria ya managu, saga au sukuma wiki zikikaribia kuiva. Asubuhi koroga kijiko kimoja katika uji wa wimbi. Chumvi iwe kidogo. Kiganja kimoja kwa siku chamtosha mtu mzima.

Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, maana zaweza kumkaba koo. Mpe zilizosagwa laini. Na mtu yeyote akila njugu akavimba midomo, akatokwa na vipele au akashindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja, wala asizile tena.

Jihadhari na kuvu

Siku moja mama mmoja alikuja ofisini kwetu na gorogoro mbili za njugu alizonunua kwa bei rahisi. Nyingi zilikuwa zimekunjamana, na nyingine zina kuvu la kijani. Akaniuliza, "Karani, hizi nzuri nitawapa watoto, na hizi mbaya nitamsagia ng'ombe. Kuna ubaya?"

Nikamjibu, "Mama, ubaya upo, na utawarudia watoto wale wale ndani ya maziwa."

Ndivyo ilivyo. Kuvu hilo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini na baada ya miaka yaweza kuleta saratani. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, ikiwa katika mahindi, iliwapata watu 317 huko Ukambani, na 125 wakafa.

Mama yule alisikitika kwa ajili ya pesa zake, lakini alizifukia zote shimoni. Alifanya vema, kwa kuwa sumu haionekani kwa macho, na penye njugu nyingi mbovu hata zile zionekanazo nzuri haziaminiki.

Baridi yetu ya mita 2,100 hivi haizifai njugu, kwa hiyo hutujia kutoka mahali penye joto, kama Bonde la Kerio, Busia na Homa Bay. Basi kazi yetu ni kununua kwa akili:

1. Nunua njugu kavu, ikiwezekana zikiwa katika maganda yake.
2. Kataa zilizoloweshwa maji ili zimenyeke upesi au zizidi uzito.
3. Chagua moja moja. Tupa iliyokunjamana, iliyovunjika au iliyobadilika rangi. Ukionja na kusikia uchungu, tema.
4. Weka ndani ya gunia la mkonge juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu.

Gorogoro moja ya njugu safi yaweza kuwa ghali kupita ile chafu. Lakini ile chafu hulipiwa mara mbili: sokoni kwa pesa, na nyumbani kwa afya ya watoto.