Kompyuta ya zamani na mifumo ya Serikali: maana ya onyo la usalama na hatua za kuchukua

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu aliyeko Butiama, mfanyabiashara wa Bunda anayesajili jina la biashara BRELA na mhitimu wa Musoma anayeomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, wote wanaweza kupata huduma hizo mtandaoni bila kusafiri. Hata hivyo, anayetumia kompyuta iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita anaweza kukutana na onyo kwamba muunganisho si salama, au ukurasa ukagoma kufunguka. Kulipuuza onyo hilo ni kuhatarisha nywila, Namba ya Utambulisho wa Taifa na nyaraka binafsi.

Kabla taarifa hazijasafiri, kompyuta na seva, yaani mtambo unaohifadhi mfumo husika, hukubaliana namna ya kuzisimba ili anayezinasa njiani asiweze kuzisoma. Kisha seva huonesha cheti cha kidijitali, nayo kompyuta hukagua jina la tovuti, muda wa uhalali wa cheti na taasisi iliyokitoa. Hatua mojawapo ikishindikana, onyo hutokea. Kwa kompyuta ya zamani, sababu kuu ni tatu.

Ya kwanza ni saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi aina ya CR2032, inayotunza tarehe umeme unapozimwa. Betri hiyo ikiisha, kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, na cheti halali huonekana kama hakijaanza kutumika. Mtumiaji arekebishe tarehe, kisha abadilishe betri.

Ya pili ni njia za usimbaji zilizopitwa na wakati. TLS 1.0 ya mwaka 1999 na TLS 1.1 ya mwaka 2006 zilitangazwa rasmi kutofaa tena Machi 2021 kutokana na udhaifu wake. Seva nyingi sasa hudai TLS 1.2 au 1.3, ambazo Internet Explorer ya Windows XP haizifahamu.

Ya tatu ni orodha ya watoa vyeti wanaoaminika, ambayo huzeeka isiposasishwa. Septemba 30, 2021 cheti mama kilichotegemewa na vyeti vya Let's Encrypt kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani duniani vikashindwa kufungua tovuti zilizokuwa salama.

Kuweka kivinjari kipya zaidi husaidia, lakini hakutoshi. Windows XP iliacha kupata masasisho ya usalama Aprili 8, 2014, na Windows 7 Januari 14, 2020. Hivyo udhaifu unaogunduliwa baadaye hubaki bila kuzibwa. Panapowezekana, fundi anaweza kuweka toleo jepesi la Linux linaloendelea kusasishwa. Isipowezekana, ni heri kutumia simu janja au kompyuta nyingine inayopata masasisho.

Mwananchi anashauriwa asibonyeze kitufe cha kuendelea licha ya onyo, wala asipakue programu ya "kurekebisha" kutoka chanzo asichokijua. Ahakikishe kuwa jina la tovuti ya Serikali linaishia na .go.tz kabla ya mkwaju wa kwanza, kwa kuwa matapeli huweza kuyapachika maneno hayo katikati ya anwani. Alama ya kufuli huonesha tu kwamba taarifa zimesimbwa. Haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti. Anayehudumiwa steshenari aandike nywila mwenyewe na atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazibana taasisi zinazokusanya taarifa za watu. Pamoja na ulinzi huo, nywila iliyokwisha kuibwa hutumika papo hapo. Waombaji wanashauriwa kujaribu vifaa vyao mapema, kabla ya siku ya mwisho ya maombi, na wakikwama wawasiliane na taasisi husika kupitia namba zilizo kwenye tovuti yake rasmi.