Anayeanza Kuandika Programu Aanzie Wapi?

Kijana wa Babati anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta hakosi cha kusoma. Akiwa na simu na bando, atafunguliwa milango mingi kuliko awezavyo kuingia. Akikosa bando, yupo jamaa aliyerudi likizo kutoka chuo cha Dodoma au Arusha na flashi iliyosheheni PDF na video. Mji wenyewe uko njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, na tangu ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002 umezoea kupokea vitu kutoka kila upande. Tatizo huanza anapouliza: nianze na kipi? Anayeulizwa, kwa nia njema kabisa, humpa vyote.

Ukarimu huo humuumiza. Kuchagua somo zuri kati ya masomo hamsini ni kazi ya mtu anayejua tayari, na huyu hajui bado. Kwa hiyo hufungua la kwanza, likimshinda anahamia la pili, na baada ya wiki chache anajiona hana akili ya kompyuta. Akili anayo. Alichokosa ni mpangilio.

Mfano mzuri ni Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 na ambayo walimu wengi huichagua kwa wanaoanza. Toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2008 likiwa na mabadiliko yaliyovunja msimbo wa zamani, na toleo la pili liliachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Lakini vitabu vya toleo la pili havikufa siku hiyo. Bado vinazunguka kwenye flashi, vikiwa na majalada ya kuvutia.

Mwanafunzi akinakili kutoka humo print "Habari Babati", kompyuta yenye Python ya leo itakataa, kwa sababu sasa mabano ni lazima: print("Habari Babati"). Hapo angalau anaona kosa. Baya zaidi ni lile lisilopiga kelele. Katika toleo la pili, 7/2 hutoa 3, kwa kuwa namba nzima zikigawanywa desimali hutupwa. Katika toleo la tatu jibu ni 3.5. Anayesoma kitabu cha zamani na kutumia programu mpya ataona majibu mawili tofauti bila onyo lolote, na hana namna ya kujua kama aliyekosea ni yeye, kitabu au mashine. Ndiyo maana tarehe na toleo vinastahili kuandikwa kando ya kila somo, tena mahali panapoonekana.

Tatizo jingine ni kuchanganya aina za maandishi. Daniele Procida, mtaalamu wa nyaraka aliyeshiriki pia kuanzisha mikutano ya Python nchini Namibia, ameeleza kwamba nyaraka za programu zina aina nne: somo la kumshika mkono anayejifunza, mwongozo wa kutimiza kazi fulani, marejeo ya kuangalia jambo mahususi, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako yalivyo. Anayeanza anahitaji ile ya kwanza. Fundi cherehani humpa mwanagenzi kitambaa chakavu na kumwambia ashone mstari ulionyooka. Hamkabidhi kwanza orodha ya sindano zote zilizopo sokoni. Hata hivyo marejeo, ambayo ni mazuri kwa mwenye ujuzi, ndiyo mara nyingi hukaa juu kabisa ya orodha.

Suala la lugha nalo halipaswi kupitwa. Katika shule za serikali mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na Kiingereza, na lugha nyingi za programu zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza. Ana mizigo miwili kwa mpigo. Scratch, iliyotoka MIT mwaka 2007 kwa ajili ya watoto, inaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili, na toleo lake la kusakinisha hufanya kazi bila intaneti. Ipo pia Nuru, lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Kwa saa za mwanzo, mwanafunzi anayeona neno kama likiamua njia ya programu anashughulika na mantiki peke yake. Kazi na vitabu vingi viko upande wa Python na wenzake, hivyo huko atafika tu. Lakini si lazima mizigo yote ibebwe siku moja.

Ukurasa wa kwanza wa anayeanza basi uwe mfupi: chombo kimoja, somo moja, na mtu wa kuuliza. Kwa kompyuta, Thonny ya Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, huja na Python ndani yake, hivyo usakinishaji ni mmoja. Mwenye simu ya Android pekee anaweza kutumia Pydroid 3 hata bila mtandao. Kando ya kila kitu iandikwe kinakula MB ngapi, maana bando ni fedha. Shule au maktaba inaweza kuweka Kolibri ya shirika la Learning Equality: masomo yanapakuliwa mara moja, kisha simu zilizomo chumbani huyasoma kupitia Wi-Fi ya ndani, na mwalimu ndiye anayeteua yapi darasa lione.

Walimu wa kompyuta wa Babati, na wanachuo wanaorudi nyumbani na flashi zao: kabla ya kumpa mtu folda, endesheni kila mfano uliomo. Usiofanya kazi ufuteni, uliobaki upangeni kwa namba, na juu yake andikeni tarehe ya ukaguzi pamoja na jina la atakayeukagua tena muhula ujao.