Mafunzo Kazini ni Kinga ya Kwanza Dhidi ya Unyanyasaji wa Kingono

Kila alfajiri, kabla foleni ya malori haijaanza kusogea, wakazi wengi wa Busia na Malaba huvuka mpaka kati ya Uganda na Kenya kwenda kutafuta riziki. Wapo makarani wa mawakala wa forodha, wahudumu wa mikahawa na nyumba za wageni, wapakuzi wa mizigo, na vijana wanaojifunza kazi. Wengi wao wameajiriwa kwa maneno ya mdomo tu, na ajira yao imo mikononi mwa mtu mmoja. Hapo ndipo unyanyasaji wa kingono hupata mlango. Chanzo chake si mavazi wala tabia ya mfanyakazi. Ni mwenye mamlaka kujua kwamba aliye chini yake anaogopa kupoteza kazi.

Sheria za pande mbili

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri au mwakilishi wake kumtaka mfanyakazi kingono kwa kumwahidi upendeleo au kumtishia kazi yake. Aidha, inakataza maneno, picha na vitendo vya kingono ambavyo mfanyakazi havitaki na vinavyomwathiri kazini. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 analazimika kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji huo.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa tamko la sera baada ya kushauriana nao. Tamko hilo lieleze namna ya kulalamika, na liahidi kutotaja jina la mlalamikaji isipokuwa pale uchunguzi unapolazimu. Mbali na hayo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamwadhibu mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mtu kingono huku akijua kwamba hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Mwaka 2023 Uganda iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaomlinda hata mwanagenzi na anayetafuta kazi.

Mafunzo yenye manufaa

Sera iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Wala haitoshi kuwakusanya wasichana na kuwaonya wajihadhari, kwa maana onyo la namna hiyo humtwika mzigo yule anayeonewa. Mafunzo yawahusu wote, na mwajiri awe wa kwanza kuketi.

Tuseme karani mpya katika ofisi ya wakala wa forodha anaagizwa na msimamizi apeleke nyaraka saa tatu usiku katika chumba cha nyumba ya wageni. Wenzake wanasikia, wanatazamana, kisha wanainama. Mafunzo mazuri huanzia hapo, yakamfundisha kila mmoja wajibu wake.

Kwanza, karani ajue kwamba agizo hilo si sehemu ya kazi yake, na ajue ni nani mwingine, asiye msimamizi huyo, atakayepokea malalamiko yake.

Pili, wenzake wajifunze kuingilia kati bila ugomvi. Mmoja aweza kusema, "Nyaraka hizi tutazipeleka asubuhi ofisini," au, "Nitafuatana naye." Baadaye amuulize mwenzake hali yake, na awe tayari kutoa ushahidi.

Tatu, msimamizi ajifunze kuwa kimya cha mfanyakazi si ridhaa, na kwamba kumfukuza aliyelalamika ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Nne, wote wakague mazingira ya kazi: taa za ghala, zamu za usiku, vyoo vyenye komeo, na malipo yanayotolewa hadharani badala ya faraghani. Mafunzo yarudiwe kila waajiriwa wapya wanapoingia.

Penye wafanyakazi wachache

Mikahawa na maduka mengi ya mpakani yana watu watatu au wanne. Sheria haiwalazimishi wenye maduka hayo kuandika sera, lakini hakuna idadi ya wafanyakazi inayohalalisha unyanyasaji. Waajiri wadogo waweza kuungana kupitia kamati ya soko au chama cha mawakala, wakawaalika afisa wa kazi na askari wa polisi jamii kuendesha mafunzo ya pamoja. Pale ambapo mnyanyasaji ndiye mwenye duka, mfanyakazi wa Uganda ana haki ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Jambo likishatokea

Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya walioshuhudia. Usifute ujumbe wa simu. Kushikwa mwili kwa nguvu, kubakwa au kujaribiwa kubakwa ni makosa ya jinai; yaripotiwe polisi, wala yasimalizwe kwa faini ya kifamilia. Kosa la jinai hupelelezwa katika nchi lilikotendeka. Hata hivyo, aliyebakwa atangulize tiba upande wowote alipo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Kituoni, anaweza kuomba kusikilizwa faraghani na askari wa dawati la jinsia au wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni mzaha wa matusi unaochekewa, mkono unaowekwa begani bila ruhusa, agizo la usiku lisilo na sababu. Mwajiri anayeuziba mapema humlinda mfanyakazi wake, na kesho yake humkuta kazini akiwa na amani.