Kinga ya Sola Isiyokula Umeme (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kifaa kinavyoungua pale waya chanya na hasi za betri zinapogeuzwa. Leo tuulize kinga yenyewe inatugharimu nini. Arusha ni mji ambako Off Grid Electric ilianza kuuza umeme wa sola kwa malipo ya simu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na leo hata katika kata ya Olasiti wapo wanaoweka sola kujihami umeme unapokatika. Mafundi wengi hukinga mifumo hii ya volti 12 kwa daiodi. Inazuia kweli, lakini ya silikoni hula takriban volti 0.7. Kwa mzigo wa ampea 5, wati 3.5 huishia kuwa joto. Ikitumika badala yake transista aina ya mosifeti ya chaneli P yenye ukinzani wa miliomu 10, hupotea wati 0.25 tu. Kwa saa tano za jioni, tofauti hiyo yaweza kuwasha taa ya LED ya wati 3 kwa zaidi ya saa tano.

Wapo watakaosema fyuzi yatosha. Fyuzi hukatika baada ya kupata joto, na vijenzi nyeti huweza kufa kabla yake. Ibaki, ila isiachwe peke yake. Wengine watataja daiodi ya Schottky. Hiyo ni nafuu, lakini kwa volti 0.4 bado inakula wati 2. Hoja yenye uzito ni kwamba mosifeti ikishafunguka hupitisha umeme pande zote mbili, hivyo haizuii betri kuvujia kwenye paneli usiku. Ni kweli, ndiyo maana mahali pake ni upande wa mzigo, na kazi ya usiku iachiwe chaji kontrola.

Hatari ya pili ni volti kuzidi. Paneli iitwayo ya volti 12, isipokuwa na mzigo, hutoa 21 hadi 22, na volti hizo hupanda kwa takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi chini ya 25, baridi ambayo ni ya kawaida asubuhi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Waya wa betri ukilegea mchana, volti hizo zaweza kufika kwenye redio. Mosifeti ya pili, inayoamriwa na daiodi ya zena kukata inapofika volti 16, huzuia hilo bila kugusa chaji ya kawaida, ambayo haizidi 15. Lango la mosifeti nyingi halivumilii zaidi ya volti 20, hivyo nalo lipewe zena ya volti 12 na rezista, la sivyo kinga itatangulia kufa. Fundi anayefunga daiodi tupu amelinda kifaa kwa kumtoza mwenye nyumba kila jioni. Mteja ana haki ya kudai kinga bora.