Kabla ya Kuilaumu Sabufa

Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, muuzaji huwasha sabufa kwa wimbo anaoujua yeye na kufungulia sauti mpaka kifua cha mteja kitikisike. Mteja analipa. Akifika nyumbani anaiweka kwenye kona ya sebule kwa kuwa ndiko kwenye nafasi, na jioni hiyohiyo muziki unageuka mngurumo. Mwimbaji amezama, ngoma ikipigwa mara moja chumba kizima kinavuma. Wengi huamini wameuziwa feki, kumbe sabufa ni ileile. Kilichobadilika ni chumba.

Jambo hili linapimika kwa futi kamba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linalotetema mara 43 kwa sekunde lina urefu wa mita 8 hivi. Katika sebule ya mita 4, nusu ya wimbi hilo inaenea barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Likigonga ukuta hurudi, hukutana na lijalo, na sauti hiyo moja huvimba kuliko nyingine zote. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Ndiyo maana katika sebule za namna hiyo mpiga besi husikika akikandamiza noti chache za chini, nyingine zikipita kimyakimya. Katikati ya chumba mambo hugeuka, kwani hapo wimbi hilohilo karibu linapotea. Aliyekaa kwenye kochi la ukutani analalamika besi imezidi, mwenzake wa kiti cha katikati anauliza iko wapi.

Kuta za tofali za saruji, zilizo nyingi mijini kwetu, hurudisha karibu besi yote ndani. Sakafu ya marumaru na madirisha makubwa ya vioo nayo hurudisha sauti kali za matoazi na herufi “s”, hadi masikio yakachoka. Zulia na mapazia mazito hutuliza sauti hizo kali, na kwa kazi hiyo yana thamani kuliko spika ya bei. Kwa besi, hata hivyo, hayafui dafu. Dawa ya besi ni kuhama.

Mafundi wana njia moja inayostahili kujulikana kila nyumba. Sabufa hupandishwa juu ya kochi analokalia msikilizaji, pale kichwa chake kinapokuwa. Unapigwa wimbo wenye besi inayotembea (rumba ya Kongo inafaa mno), kisha mwenye nyumba anatambaa kando ya kuta, kichwa karibu na sakafu, akisikiliza. Atapita mahali panaponguruma, mahali pakavu, halafu pale ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaolingana. Hapo ndipo sabufa ikae. Njia hii inafanya kazi kwa sababu sauti inayotoka kwenye kochi kwenda ukutani ni sawa na itakayotoka ukutani kwenda kwenye kochi. Mara chache kona hushinda, kwa sababu kuta mbili na sakafu huipa besi nguvu asiyohitaji mtu.

Spika mbili za pembeni huwekwa ili zifanye pembetatu ya pande sawa na msikilizaji, twita (spika ndogo za sauti kali) zikiwa usawa wa masikio. Nyaya zikaguliwe pia. Chanya na hasi zikigeuzwa kwenye spika moja, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta. Besi hukonda, na mwimbaji ambaye angesikika katikati hana mahali pa kusimama. Kosa hili ni la kawaida mno, na kulirekebisha hakugharimu senti.

Ikwalaiza ije mwisho. Mazoea ni kupandisha besi na trebo hadi juu na kuzamisha katikati, na katikati ndiko anakoishi mwimbaji, magitaa na zumari. Kuongeza besi kwa desibeli 10 kunadai nguvu mara 10 kutoka kwa amplifaya. Ikishindwa, sauti hukatika ncha na twita huungua. Heri kupunguza kile kinachovimba. Ipo sababu ya kweli ya watu kutamani besi zaidi: mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huzisikia vibaya sauti nzito. Kwa hiyo ikwalaiza ipangwe kwa kiwango kilekile cha sauti ambacho familia husikilizia kila siku.

Ndani ya gari tatizo ni jingine. Msikilizaji hawezi kuhamisha kiti chake katikati. Kwenye gari la usukani wa kulia, spika ya mlango wa kulia inaweza kuwa sentimita 80 kutoka kwa dereva na ya kushoto sentimita 150. Tofauti ya sentimita 70 huichelewesha sauti ya kushoto kwa milisekunde 2 hivi, na ubongo unaamini bendi nzima imejibana mlango wa kulia. Redio nyingi za kisasa zinaweza kuichelewesha spika ya kulia kwa kiasi hichohicho, na ghafla mwimbaji anahamia juu ya dashibodi. Kwenye gari lenye usukani wa kushoto, kama yalivyo mengi Kigali, hesabu ni ileile, pande tu zinabadilishana. Wenye magari yaliyotoka Japani huenda wakahitaji msaada wa fundi kwanza, maana menyu huwa ya Kijapani. Na kwa kuwa kinachomfaa dereva humvurugia abiria wa upande wa pili, ni vyema kumwomba fundi huyo ahifadhi mipangilio miwili, mmoja wa dereva akiwa peke yake, mwingine wa safari ya familia nzima.