Ada ya ukubwani: Piga hesabu kabla ya kulipa

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mchele, mahindi na dhamana za Serikali. Wiki hii tunaangalia bidhaa nyingine, ambayo wauzaji wake wameongezeka sana mijini na ambayo mnunuzi huilipia kabla ya kuiona. Bidhaa hiyo ni elimu ya mtu mzima anayetaka kubadili kazi ili apate kipato kikubwa zaidi.

Anayezungumzwa hapa si kijana aliyemaliza kidato cha sita. Ni mtu wa miaka 38, 42 au 47, mwenye watoto shuleni, kodi ya nyumba, na pengine genge au duka dogo linalomsaidia kufika mwisho wa mwezi. Fedha anayoipeleka chuoni ni ile ile ambayo angeongezea mzigo dukani. Akikosea, hana miaka mingi ya kujirekebisha.

Tena mtu huyu hujilipia mwenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imekuwa ikiweka katika miongozo yake ya miaka ya karibuni ukomo wa umri wa miaka 35 kwa waombaji wa shahada ya kwanza. Aliyevuka hapo hutegemea akiba, SACCOS au kikundi cha VICOBA. Ole wake anayekimbilia wakopeshaji wa mtaani. Mkopo wa Sh. 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi hula Sh. 1,200,000 za riba peke yake kwa mwaka mmoja. Hakuna cheti kinachoweza kubeba mzigo huo.

Gharama halisi

Tuchukue mfano wa mtunza stoo wa kampuni binafsi, mwenye umri wa miaka 42 na mshahara wa Sh. 700,000 kwa mwezi. Anataka kusomea ununuzi na ugavi, jioni na Jumamosi, kwa miaka miwili na nusu. Tuseme ada na mitihani ni Sh. 3,000,000. Nauli, vitabu na kuchapisha kazi ni Sh. 1,000,000. Ana duka ambalo hukaa mwenyewe jioni. Sasa atamwachia mtu, na faida itapungua kwa Sh. 80,000 kila mwezi. Kwa miezi 30 hiyo ni Sh. 2,400,000. Jumla ni Sh. 6,400,000. Walio wengi huhesabu ile milioni tatu tu, kisha hushangaa kuona duka limekauka kabla ya mahafali.

Sasa tuilinganishe fedha hiyo na njia nyingine ambayo wawekezaji wadogo wanaifahamu. Hatifungani za Serikali hununuliwa kuanzia Sh. 1,000,000. Tukikadiria riba ya asilimia 12 kwa mwaka, Sh. 6,400,000 huzaa Sh. 768,000, yaani Sh. 64,000 kwa mwezi, bila kukatwa kodi ya mapato. Siku ya kuiva, mtaji hurudi wote. Ada hairudi. Kwa hiyo elimu inayoleta nyongeza ya Sh. 64,000 tu kwa mwezi imeshindwa na hatifungani, hata kama mwenye cheti amepandishwa cheo.

Nyongeza inayotosha

Mtunza stoo wetu atamaliza akiwa na miaka 44 na nusu. Akifanya kazi hadi umri wa miaka 60 atakuwa na miaka 15 na ushei ya kuvuna. Ili arudishe mtaji wake katika miaka 15 anahitaji kama Sh. 36,000 kwa mwezi. Ongeza zile Sh. 64,000 alizozikosa kwenye riba, tunapata Sh. 100,000.

Lakini hiyo ni fedha ya mkononi. Mfuko wa NSSF huchukua asilimia 10 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi. Halafu, kwa viwango vya PAYE vya mwaka 2021, kipato cha kati ya Sh. 520,000 na Sh. 760,000 hukatwa asilimia 20 kwa sehemu hiyo. Katika kila Sh. 100 ya nyongeza, zinazofika nyumbani ni Sh. 72. Ili apate Sh. 100,000 mkononi, mshahara wake lazima upande kutoka Sh. 700,000 hadi Sh. 839,000. Chini ya hapo, kwa hesabu ya biashara, amepata hasara.

Mwenzake anayeanza kozi hiyo hiyo akiwa na miaka 50 atabakiwa na miaka saba hivi. Yeye anahitaji kama Sh. 140,000 mkononi kila mwezi. Ndiyo maana ukubwani kozi fupi huweza kushinda kozi ndefu, hata kama ile ndefu ina jina kubwa.

Kuna ukuta mwingine ambao wengi huugonga wakiwa wameshamaliza ada. Matangazo ya ajira za Serikali yamekuwa yakitaka waombaji wa nje ya utumishi wa umma wenye umri usiozidi miaka 45. Mtunza stoo wetu atakuwa na miezi sita tu ya kuomba. Angeanza akiwa na miaka 43, mlango huo angeukuta umefungwa, na soko lake lingebaki kuwa kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali na biashara yake mwenyewe.

Cheti chenye nguvu ya sheria

Vyeti havifanani. Baadhi hupamba ukuta na vingine hufungua mlango ambao sheria imeufunga kwa wasio navyo. Mnunuzi mwenye umri mkubwa atazame kwanza hivi vya pili, kwa sababu mahitaji yake hayategemei hisia za mwajiri.

Uhasibu ni mfano mmoja. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Mtu aliye kazini anaweza kujisomea na kupanda hatua kwa hatua mpaka CPA. Ununuzi na ugavi una bodi yake, PSPTB, iliyotokana na sheria ya mwaka 2007, na kazi hiyo hutaka usajili.

Fundi naye asijidharau. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani kwa miaka. Kwa fundi umeme hilo ni jambo la fedha hasa, kwani kufunga umeme majumbani kwa halali kunahitaji leseni ya EWURA, na leseni hutaka vyeti. Tofauti ya kipato kati ya fundi mkuu na kibarua wake mara nyingi inaanzia kwenye karatasi hiyo.

Kwa wanaopenda soko la mitaji, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina kozi kwa wanaotaka kufanya kazi zenye leseni katika soko hilo. Na kwa anayelazimika kupata shahada, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992, kina vituo mikoani na hakimlazimishi mtu kuacha kazi au kufunga duka. Kuendelea kupata kipato ni sehemu ya faida ya kozi.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, na vyuo vya kati na vya ufundi chini ya NACTVET. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Uliza kwa mamlaka, usimwulize wakala anayegawa vipeperushi stendi.

Pili, soma bei ya soko. Bei ya cheti haiandikwi kwenye tangazo la chuo, huandikwa kwenye tangazo la kazi. Kusanya matangazo 20 ya kazi unayoitaka, katika muda wa miezi miwili. Hesabu ni mangapi yanataka cheti hicho, mangapi yanataka uzoefu ambao huna, na mangapi yanaweka kikomo cha umri. Kama cheti kimetajwa mara tatu tu kati ya 20, mzigo huo hauna wateja.

Tatu, zungumza na mwajiri wako kabla ya kujiandikisha. Nyongeza ya uhakika zaidi kwa mtu wa makamo hupatikana pale anapojulikana. Omba kujua, ikiwezekana kwa maandishi, ukirudi na cheti utapangiwa kazi gani na mshahara gani. Akikwepa swali, umeshapata jibu.

Nne, nunua kwa rejareja kabla ya jumla. Mitihani ya bodi hulipiwa hatua kwa hatua. Lipia hatua moja, ufanye mtihani mmoja, uone kama kichwa, duka na nyumba vinahimili. Ukishindwa hapo umepoteza laki kadhaa, na mtaji wako bado uko salama.

Kwa mtunza stoo wetu, ushauri wetu ni kwamba aanze msimu huu huu wa mitihani au asianze kabisa. Kama mwajiri wake yuko tayari kumfikisha Sh. 839,000, alipe. Kama hayuko tayari, na miezi 20 ijayo hawezi kuyapata matangazo ya kazi yanayomtaka, hatifungani zinamsubiri, na duka lake bado linahitaji mwenyewe jioni.