Mega Zinapokatika Njiani: DNS na Maeneo ya Mtandao wa Simu Ituri

Mtandao wa simu wa kizazi cha pili na cha tatu hukusanya minara katika maeneo ya uelekezaji, ili simu isiyotumika isitoe taarifa kila inapopita mnara, bali pale tu inapovuka mpaka wa eneo au muda uliowekwa unapokwisha. Utambulisho wa kila eneo una sehemu nne: namba ya nchi, ambayo kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni 630, namba ya kampuni, kama 01 ya Vodacom, 02 ya Airtel au 86 ya Orange, namba ya eneo kubwa, iitwayo LAC, na namba ya eneo dogo lililomo ndani yake, iitwayo RAC.

Mteja anayetoka Bunia, mkoani Ituri, kuteremkia Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, anaweza kuacha himaya ya mtambo mmoja wa data, uitwao SGSN, na kuingia katika himaya ya mwingine usiomjua. Simu huupa mtambo huo mpya utambulisho wa eneo ilikotoka, nao hauna budi kuutafuta mtambo wa zamani ili upewe taarifa za mteja, zikiwemo funguo za usalama na vipindi vya intaneti vilivyo wazi. Utafutaji huo hupitia DNS, daftari la majina na anwani lililobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983: mtambo huunda jina, kwa mfano rac0001.lac1234.mnc001.mcc630.gprs, na kuuliza anwani yake. Jibu likikosekana, ombi la simu hukataliwa, simu hujisajili upya na kipindi cha intaneti hukatika, ilhali sauti, yenye njia yake nyingine, inaendelea kama kawaida. Ndiyo maana lawama humwangukia muuza mega, yaani vifurushi vya intaneti, au mnara usio na kosa.

Mhandisi mwenye busara huanza kwa kuuliza swali lilelile linaloulizwa na mtambo, kwa programu kama dig, tena akiwa ndani ya mtandao wa kampuni, kwa kuwa majina yanayoishia na gprs hayamo katika intaneti ya umma, na jibu la kwamba jina halipo, likitolewa huko nje, halithibitishi chochote. Ndani ya kampuni jibu hilo lina maana: eneo halikuandikwa. Kimya humwelekeza kwenye seva au njia ya kuifikia. Anwani ya mtambo uliokwisha kuondolewa ndiyo hatari zaidi, maana daftari huonekana zima. Na hata baada ya kusahihishwa, jibu la zamani huendelea kutolewa na seva zilizolihifadhi hadi muda wake uishe, kwa hiyo inafaa kuiuliza seva yenye mamlaka moja kwa moja.

Makosa mengi, hata hivyo, ni ya uandishi. Majedwali ya minara huandika LAC kwa namba za kawaida, lakini jina hudai namba za msingi wa kumi na sita, hivi kwamba LAC 4660 huandikwa lac1234, na anayeandika lac4660 huwa amesajili eneo 18016, ambalo pengine halipo kabisa. Namba ya kampuni nayo hujazwa sifuri mpaka itimie tarakimu tatu.

Mpakani, Mahagi au Aru, kuna mtego mwingine. Simu iliyonasa mtandao wa Uganda hurudi na utambulisho unaoanza na 641, na mtambo wa Kongo huuliza jina ambalo, pasipo makubaliano kati ya kampuni, halitajibiwa. Rekodi za maswali hayo yasiyojibiwa hazina hitilafu ya kurekebishwa, na zisipochujwa mapema huficha zile chache za 630 zinazostahili kufuatiliwa.

Kizazi cha nne kimeiita namba ya eneo TAC na kuigawa namba hiyo vipande viwili, kipande cha chini kikitangulia cha juu, mpangilio ambao aliyezoea majina ya zamani huugeuza kwa urahisi.